Kuchagua Chungu cha Shabu

3 Machi

Nimeripoti kazini leo. Meneja alinipokea akiwa amesimama, mabuti ya mpira miguuni ingawa jua lilikuwa linawaka, na maelezo yake yote yaliishia hapa: "Injinia, Chungu kimezeeka. Tuchagulie kingine. Mvua zikichachamaa sitaki niwe bado nakitazama hiki."

Chungu ni jina walilolipa tangi la kupikia shabu. Na shabu ni yale mawe meupe yanayotiwa kwenye maji ya mto ili tope lizame, kabla maji hayajaingia kwenye mabomba ya mji. Wanaipika hivi: asidi ya salfa iliyopunguzwa makali inapashwa moto kwa mvuke, udongo mweupe unamwagwa ndani, mwiko wa mashine unakoroga, na baadaye unapata uji ambao ukichujwa na kupoa unaganda. Mto ukichafuka, shabu inahitajika nyingi zaidi. Kwa hiyo mji mzima unakunywa kwa hisani ya chombo kimoja, kirefu kuliko nyumba, chuma nje, ndani bati la risasi, ile metali laini isiyoliwa na asidi, viraka juu ya viraka. Nilipopanda ngazi kuchungulia, kilikuwa kinatokota na kunung'unika. Nilikaa pale juu hadi waliponiita nishuke nile.

Nimefikia kwa Dada. Amenipa chumba cha nyuma, kinachopakana na chumba chake cha udobi, kwa hiyo nalala na harufu ya sabuni. Anafua mashuka ya hoteli mbili na ya zahanati moja.

"Yaani wamekutoa kote huko uje kuwachagulia sufuria?"

"Sufuria ya asidi, Dada."

"Sufuria ni sufuria. Tazama kitako, tazama mikono, lipa, ondoka."

5 Machi

Vitabu vya watengenezaji vinasema kila kitu chao kinafaa kwa kila kitu. Lakini vitabu havijaonja udongo wa hapa. Nimekata vipande vitano, kila kimoja kama kiganja cha mtoto: chuma cha kawaida, stenlesi isiyoshika kutu, mpira mgumu, faiba, na tofali la asidi, lile zito lenye rangi ya damu ya mzee. Nikavipima kwenye mizani, nikavifunga kwa uzi wa nailoni, nikavining'iniza ndani ya Chungu.

Baada ya chakula cha mchana nikavuta uzi. Ulikuja uzi mtupu, tena mfupi. Asidi imekula nailoni, vipande vyote viko chini.

Fundi wa kuchomelea, ambaye ndiye anayekitia Chungu viraka, alicheka mpaka akashika ukuta. "Injinia, samaki wa humu wanakula mpaka mshipi!" Nilicheka na mimi. Ni mtu wa maneno, nadhani tutaelewana.

6 Machi

Vipande vingine. Safari hii nimevifunga kwa ule utepe mweupe ambao mafundi bomba huzungushia maungio, nikiusokota uwe kamba. Umeshika.

9 Machi

Leo nimemjua Afisa Ugavi, ambaye ndiye atakayeagiza Chungu kipya. Nyuma yake wanamwita Kwa Nini. Ni mtu wa rika langu, mwembamba, miwani imefungwa gundi pembeni. Amesomea hesabu, si kemia. Alinikuta karibu na tangi la nje, lile la kuhifadhia asidi kali inapoletwa na malori.

"Injinia, tangi hili ni la chuma cha kawaida kabisa. Asidi kali imekaa humo miaka. Sasa kwa nini tukiipunguza makali ndiyo inakula chuma? Si ilipaswa iwe kinyume?"

Nilimweleza kwamba asidi kali ikigusa chuma inatengeneza juu yake ngozi nyembamba, kama ukoko, na ukoko huo unaizuia isiendelee. Ukiongeza maji, ukoko unayeyuka, asidi inapata njia.

"Kwa nini maji yauyeyushe na asidi isiuyeyushe?"

Nikamweleza. Akauliza jingine. Na jingine. Mwanzoni niliona raha, mwishoni nilikuwa natazama mlango. Mizani ilikuwa inanisubiri.

12 Machi

Hakuna jipya.

14 Machi

Mvua ya kwanza, ndogo. Imenyesha kama mtu anayejaribu tu mlango.

17 Machi

Nimevitoa vipande, nimevisuuza, nimevipima. Nimekaa navyo mezani asubuhi nzima kama daktari na wagonjwa wake.

Chuma cha kawaida ni jani lililoliwa na viwavi. Faiba imechubuliwa na mchanga uliomo kwenye udongo, nyuzi zimetoka nje. Mpira haukuliwa, lakini joto limeulegeza, ukiubonyeza unaacha alama ya kidole.

Tofali limenishangaza: limeongezeka uzito. Nilipima tena nikidhani nimekosea. Nikalivunja vipande viwili, nikaweka karatasi ya kupimia asidi katikati ya mpasuko, ikageuka nyekundu. Yaani asidi hailili tofali, ila tofali linainywa. Ukijenga Chungu cha matofali peke yake kitavuja kama kikapu. Nimeliweka dirishani.

Stenlesi imetoka na uzito uleule ulioingia nao. Inang'aa. Nilijitazama ndani yake nikarekebisha kitambaa cha kichwa.

18 Machi

Mvua. Dada ameanika ndani, napita chini ya mashuka nikienda jikoni.

20 Machi

Stenlesi niliyoirudisha ndani ya Chungu bado inang'aa. Nimeandika maelezo ya tangi ninalotaka nikayapeleka Ugavi.

Kabla ya hapo Fundi alinivuta pembeni. "Injinia, nikwambie kitu? Maswali ya yule jamaa si ya bure. Anauliza, anauliza, mpaka muuzaji achoke na kumpoza kwa chochote. Utakuja kuniambia."

Basi mchana Kwa Nini alipoingia ofisini kwangu na karatasi yangu mkononi, nilimwona kwa jicho jingine.

"Hapa umeandika tangi lifae 'katika hali zote za kazi'. Hali zote ni zipi, Injinia?"

"Zote ni zote."

"Lakini kwa nini hujazitaja? Nikiulizwa na muuzaji..."

"Bwana, wewe nunua tu. Kemia niachie mimi."

Alikunja karatasi taratibu. "Sawa, Injinia." Akatoka, na mlango akaurudisha kwa adabu.

22 Machi

Meneja amesaini. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Una hakika?" Nikasema ninayo. Kichwa kimenivimba siku nzima.

25 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mto unasikika kutoka kiwandani.

29 Machi

Asubuhi Dada alifungua bomba akaniita. Maji yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. "Haya, mwenye sufuria, njoo uone." Nilimwambia Chungu kinapika usiku na mchana, ila mto umechafuka kupita kiasi. Akasema mashuka ya hoteli hayajui habari za mto.

2 Aprili

Chungu kimetoboka. Si juu, si chini, katikati, mahali penye kiraka cha zamani. Fundi alifanya kazi na moto wake wa kuchomelea tangu asubuhi hadi jioni akiwa ameinama ndani ya lile tumbo, na alipotoka macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Kiraka hakishiki tena, bati la risasi limekuwa jembamba kila anapogusa. Meneja ameamua tupike nusu chungu, chini ya tundu. Nusu ya shabu, wakati mji unahitaji mara mbili.

Kila mtu ananiuliza tangi jipya linakuja lini. Najibu kwa furaha kwamba liko njiani.

6 Aprili

Leo nina mengi, na sijui nianze wapi.

Jana mvua ilikata barabara ya machimboni, na malori ya udongo yakakwama. Zamu ya jioni ilikuwa imeshajaza asidi na kuipasha moto, ikisubiri udongo kama siku zote. Udongo haukuja. Wakaiacha asidi na mvuke wake mpaka asubuhi, kwa sababu kuipoza na kuipasha tena ni kazi. Kwa risasi hilo si neno. Vipande vyangu vilikuwa vimening'inia humohumo.

Nilipopanda asubuhi nilisikia sauti ndogo, kama soda iliyofunguliwa. Nikavuta kamba ya stenlesi. Kipande kilikuwa cheusi, kimeparara, mapovu yanapanda kutoka kila upande. Mizani ikasema kimepoteza kwa usiku mmoja uzito ambao hakikupoteza tangu nifike hapa.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda maabara nikafunga mlango. Nikachukua kipande kipya kinachong'aa, nikakitia kwenye asidi safi ya moto, isiyo na udongo. Kikaanza kuchemka mapovu palepale. Nikakaa nakitazama. Udongo wetu una wekundu kidogo, na wekundu huo ni chuma. Udongo ukishayeyuka, chuma kile kinaingia kwenye uji. Nikachota kijiko cha uji wa juzi kutoka ndoo ya sampuli, nikamwaga ndani ya bilauri. Nikangoja. Mapovu yalipungua, yakawa moja moja, yakakoma. Nikaongeza kidogo. Kimya.

Nakiri nilifurahi. Nilisimama pale peke yangu nimekenua meno, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kwa macho yangu: udongo ndio uliokuwa unailinda stenlesi. Uchafu wake ndio ngao. Mwezi mzima kipande changu kilikuwa kinang'aa kwa hisani ya kile kilekile nilichodhani kitakichubua. Udongo ukichelewa tu, ngao hakuna.

Halafu furaha ikanitoka kama maji kwenye ndoo iliyopasuka. Tangi langu zuri lingekaa na asidi tupu kila mara barabara inapokatika. Mvua moja, mvua mbili, tatu. Lingetoboka likiwa limejaa, na watu wamesimama chini.

Na "hali zote za kazi" nilikuwa nimeziandika mimi, kwa mkono wangu, bila kuzihesabu. Aliyetaka nizihesabu nilimfukuza.

7 Aprili

Nilimkuta Kwa Nini mezani kwake. Nilisema nataka kusimamisha agizo la tangi. Nilikuwa na tumaini moja la kijinga, kwamba kwa wingi wa maswali yake atakuwa hajalituma bado.

"Limekwenda," alisema. "Lilikwenda siku ileile Meneja aliposaini."

"Hukuwa na maswali?"

"Nilikuwa nayo. Uliniambia ninunue tu. Nikanunua."

Hakusema kwa kisasi. Ndiyo maana liliniingia. Nikavuta kiti nikamweleza yote, kuanzia soda hadi kijiko cha uji. Alisikiliza amekunja mikono. Nilipomaliza nilisema, "Swali lako lilikuwa sahihi, na jibu langu lilikuwa la kukosa adabu. Nisamehe."

Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Twende kwa Meneja kwanza," akasema. "Wawili ni afadhali kuliko mmoja."

Meneja alikuwa uani anatazama mvua. Nilisema maneno yangu yote bila kupumua. Aliacha kutazama mvua, akanigeukia.

"Wafanyakazi wa chini kule wanajua?"

"Bado."

"Waambie. Wewe mwenyewe, si tangazo. Wao ndio wangesimama pale." Kisha: "Halafu nenda kwa mtengenezaji uone tangi limefika wapi. Na uniletee chungu kingine, si samahani."

Niliwaambia zamu ya mchana wakiwa wanakula. Nilidhani watanizomea. Mmoja aliuliza tu, "Sasa tutapikia nini?" Swali hilo lilikuwa baya kuliko kuzomewa.

8 Aprili

Tumekwenda kwa mtengenezaji na pikapu ya kiwanda, mimi na Kwa Nini, mvua inapiga kioo mpaka wipa zimechoka. Tangi limekatwa, limeshaungwa nusu. Halirudi. Tumekubaliana tulichukue, litumike kuhifadhia shabu ya maji iliyokwisha kupikwa: hiyo imepoa, na ina chuma chake ndani, ngao haiondoki. Angalau halitakuwa sanamu uani.

Lakini kilichotokea hasa kilitokea njiani. Kwa Nini aliendesha akitazama barabara tu, hadi nikamwambia, "Uliza."

"Sitaki kukuchosha."

"Nichoshe."

Akataka kujua kila kipande kimekufa kwa ugonjwa gani. Safari hii sikuwa na mizani inayonisubiri. Nikamweleza kimoja kimoja. Chuma cha kawaida kina nguvu ya kubeba chochote, ila asidi ikikigusa kimekwisha. Mpira hauogopi asidi, unaogopa joto. Tofali haliogopi asidi wala joto wala mchanga, ila linapitisha.

"Kwa hiyo tofali linavuja asidi," alisema, "na asidi hiyo ikishapita upande wa pili, bado ni ya moto?"

Hilo sikuwa nimelipima. Sikujua. Na papo hapo nikaona nilichokuwa nakitafuta mwezi mzima: nilikuwa nachagua mmoja kati ya watano, kana kwamba wamekuja kuniposa. Chuma nje kibebe. Mpira katikati uzuie. Tofali ndani livumilie moto na mchanga, na unene wake uukinge mpira na joto. Inategemea jambo moja tu: nyuma ya tofali kuna joto kiasi gani?

"Simamisha gari," nilisema.

"Kwa nini?"

"Niandike."

Aliegesha pembeni mwa barabara akaniwashia taa ya ndani. Baadaye nilimuuliza kwa nini yeye huuliza hivyo. Akasema akisaini asichokielewa hapati usingizi, ni hivyo tu, tangu shule. Nikamuuliza kama anajua wanavyomsema. "Kwamba nala kwa wauzaji? Najua. Na anayesema namjua pia." Akacheka, akabadilisha gia.

11 Aprili

Nimejenga ukuta mdogo wa matofali ndani ya boksi la bati: upande mmoja maji yanayochemka kwa mvuke, upande wa pili karatasi ya mpira, na kipimajoto katikati. Paa la karakana linavuja, kwa hiyo Kwa Nini amesimama saa nzima akikishikia kipimajoto changu mwavuli huku yeye analowa.

Tofali moja: mpira bado unaona joto kali. Matofali mawili, moja mgongoni mwa jingine: kipimajoto kimepanda, kimepanda, kimesimama mahali ambapo mkono unavumilia. Tulitazamana. Hakuuliza kitu.

12 Aprili

Meneja amekubali. Ameuliza tu, "Hali zote za kazi ni zipi?" Nikamtajia: udongo ukiwepo, udongo usipokuwepo, mvuke ukikatika, mwiko ukisimama, chungu kikiwa kitupu, chungu kikioshwa. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

15 Aprili

Hoteli moja imerudisha mashuka yote. Dada ameyafua mara tatu kwa maji yaleyale, yametoka na rangi ya mchanga. Nilimkuta amekaa juu ya furushi lake, hajawasha taa.

"Kiwandani wanasema nini?"

Nilimweleza kuhusu stenlesi. Kwamba mimi ndiye niliyechelewesha. Aliinuka akawasha taa.

"Basi fanya upesi," alisema. Sikuwahi kumsikia akisema maneno machache hivyo.

19 Aprili

Gamba la chuma limeanza kuungwa uani, chini ya turubai. Niliona Fundi hafanyi mzaha tena, anapiga nyundo kama ana ugomvi nayo. Nilimpelekea chai. Alikunywa nusu.

"Injinia, nilisema vibaya juu ya yule jamaa."

"Kwa nini ulisema?"

Alizungusha kikombe. "Mji huu anayejua kuchomelea risasi ni mimi peke yangu. Kile kikizeeka, wananiita. Kikitoboka, wananiita hata nikiwa msibani. Nikasema hawa wawili wakikubaliana upesi, chungu cha risasi kimekwenda, na mimi nimekwenda nacho. Nikaona bora wagombane kidogo."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilimwambia hakuna mwingine ambaye ningemwachia maungio ya gamba hili, na ni kweli, anaunga chuma kama mtu anayeshona nguo ya harusi. Alisema atamwomba radhi. Sijui kama amemwomba, lakini jioni niliwaona wameshika pamoja pande mbili za turubai.

23 Aprili

Mpira umebandikwa. Nimeukagua wote kwa cheche ya umeme, palipo na tundu cheche inaruka. Imeruka mara moja. Pamezibwa.

27 Aprili

Mwashi amemaliza safu ya kwanza ya matofali. Hapendi mtu amwongeleshe akiwa ndani.

1 Mei

Mvua haipumziki, na udongo wa kuungia matofali ya asidi lazima ukauke. Ukijaza asidi kabla haujakauka, umeharibu kila kitu. Mwashi ametoka amekasirika, anasema hewa ya humo ni mate matupu. Tumevuta bomba kutoka chumba cha boila, tunapuliza hewa ya moto ndani ya Chungu kipya, polepole, isije ikapasua. Meneja anakuja kila asubuhi anaweka kiganja ukutani, anaondoka.

Chungu cha zamani kinapika robo sasa. Kimekwisha, kinajua, bado kinapika.

4 Mei

Kiganja cha Meneja: "Bado."

7 Mei

"Tayari."

9 Mei

Tumepika mara ya kwanza.

Nilipanga kuwe na kila hali: tukajaza asidi, tukaipasha moto, na kwa makusudi nikazuia udongo. Tukangoja. Watu walisogea mbali kidogo, hata wale wenye maneno. Nilizunguka gamba lote nikiweka mkono. Vuguvugu, kavu. Nikazunguka tena. Kwa Nini alinifuata nyuma akigusa palepale nilipogusa, kama watoto wanaocheza. Kavu.

"Mwageni," nikasema. Udongo ukaingia, mwiko ukaanza kuzunguka, Chungu kikanguruma kwa sauti nzito kuliko ya kile cha zamani. Fundi aliweka sikio kwenye chuma akatikisa kichwa akitabasamu. Jioni uji ulitoka mzito, mweupe, chungu kizima, si nusu. Meneja alivua mabuti, mara ya kwanza nimeona soksi zake, akakaa kwenye ngazi.

12 Mei

Maji ya Dada ni meupe. Amefua kutwa nzima akiimba vibaya.

16 Mei

Mkataba wangu unaisha wiki hii. Niligundua kwamba nimekaa msimu mzima nikipikisha shabu na sijawahi kuiona ikifanya kazi. Nikaomba ruhusa, nikaenda kwenye mitambo ya maji, upande wa juu wa mto.

Mpimaji wa pale ni mama wa makamo, koti jeupe lenye madoa, sauti ya chini. Alichota maji ya mto kwenye chupa kubwa ya kioo, hayapitishi hata mwanga. Akanipa chupa ndogo ya shabu. "Tia mwenyewe, wewe ndiye mwenye nayo." Nikatia. Akakoroga kwa kasi, kisha polepole. Kwanza hakikutokea kitu. Halafu lile tope likaanza kushikana, vidonge vidogo, vikaitana, vikawa kama sufu, vikashuka vyote pamoja bila haraka, na nyuma ya chupa nikaanza kuona vidole vya mkono wake. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimuuliza kwa nini polepole, kwa nini kasi kwanza, kwa nini isiwe zaidi. Alijibu yote.

Kisha akasema, akiosha chupa, "Ule mwezi mliponiletea nusu ulikuwa mgumu."

"Tulijua maji yalichafuka."

"Hayakuchafuka yenyewe. Shabu iliyokuwepo ilitosha kusafisha bomba moja vizuri, au yote mawili vibaya. Vibaya maana yake watu wanaugua pande zote. Bomba moja linakwenda hospitali na mitaa ya chini. Jingine linakwenda mitaa ya juu." Aliigeuza chupa ikauke. "La juu nilitia dawa ya kuua vijidudu kwa wingi, lisiue mtu, lakini rangi nikaiacha. Kila asubuhi nilichagua hivyo hivyo."

Kwa Dada ni mitaa ya juu.

Nilimuuliza aliamuaje, alipima nini, dawa kiasi gani, alijuaje kwamba haitaua mtu. Alinionyesha daftari lake la vipimo, alinionyesha matangi. Alisema hakutumwa na mkubwa yeyote, wakubwa walimwambia tu atumie busara. Nilirudi nimejaa majibu. Njia nzima niliwaza kwamba nilipokuwa nikijitazama kwenye kipande cha stenlesi, huku juu kulikuwa na mtu anayegawa kile nilichopunguza.

Dada alikuwa anapiga pasi. Nilimsimulia yote, na nilimwogopa kidogo. Pasi ilisimama, ikaendelea.

"Kwa hiyo alijua maji yangu ni machafu, kila siku."

"Alijua."

"Angetangaza basi. Ningewaambia hoteli mapema." Alikunja shuka, akaweka, akachukua jingine. "Lakini hospitali kwanza. Hata mimi ningefanya hivyo." Akapiga pasi kona moja. "Alikuwa peke yake na jambo hilo mwezi mzima?"

"Peke yake."

"Ana mtu nyumbani? Wa kumwambia jioni?"

"Sikumuuliza."

Dada alinitazama juu ya mvuke wa pasi. "Umemuuliza dawa, umemuuliza matangi, umemuuliza kasi na polepole. Hilo hukuliuliza?"

Nilichukua mwavuli wangu nirudi mitamboni. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshachomoa pasi ukutani, anafunga mashuka mawili meupe kwenye karatasi, na ananiambia nimsubiri avae viatu.